Mama Ameondoka Saa Kumi na Mbili

Juzi niliingia duka la vifaa vya shule kununua kaunta buku. Kama kawaida yangu, niliifungua katikati nikainusa. Binti aliyekuwa anauza alitabasamu, akaniuliza mwanangu yuko kidato cha ngapi. Nikamwambia daftari ni langu.

"Kumbe bado unasoma, mama?"

"Hapana. Naandika tu. Mistari michache kila siku, tangu nikiwa darasa la tatu."

Alibaki ananitazama kama mtu anayengoja kusikia sababu, lakini nyuma yangu kulikuwa na watu wanasubiri, nikalipa nikatoka. Harufu ile ya gundi na karatasi mpya ilinifuata mpaka nyumbani. Kwangu mimi ni harufu ya baba yangu. Kwa hiyo sababu nitaieleza hapa, hasa kwa wenzangu wanaoikumbuka miaka ya ruksa, maduka yalipojaa sabuni za kila rangi na baba wengi wakarudi nyumbani mchana wakiwa hawana kazi.

Baba alikuwa karani wa stesheni kwenye kituo kidogo cha reli, kati ya Kintinku na Manyoni. Tuliishi kwenye nyumba ya reli, chumba na sebule, hatua chache tu kutoka kwenye njia. Ofisini kwake kulikuwa na meza, saa ya ukutani, simu ya kukoroga kwa mkono, na kitabu cha treni, kipana kuliko kifua changu. Nikitoka shule nilikaa kwenye sanduku karibu na meza yake, kimya, kwa sharti kwamba nisiguse kitu. Treni ikiingia, Baba aliangalia saa, akaandika. Ikitoka, aliangalia tena, akaandika. Safu ya mwisho ilikuwa ya maelezo: mvua, ng'ombe njiani, abiria mgonjwa ameshushwa. Mwandiko wake ulisimama wima, kila herufi peke yake.

Siku moja nilimuuliza, "Baba, usipoandika je?"

Alijibu bila kuinua kichwa. "Treni isiyoandikwa haijapita."

Ulikuwa msemo wa makarani, nafikiri, wa kuwatisha wanagenzi wasiwe wazembe. Mimi nilikuwa na miaka saba na niliuchukua kama ulivyo. Nikaamini kwamba treni zote zinazoshuka kwenda Dodoma na zinazopanda kwenda Tabora zinapita salama kwa sababu baba yangu amezitia kwenye kitabu. Niliwahurumia watoto ambao baba zao walilima tu.

Kisha ikaja barua. Sikuisoma, ila neno lake nililisikia mara nyingi wiki ile, kwetu na kwa jirani: kupunguzwa. Baba alipunguzwa. Nilimtazama kwa siku kadhaa nione ni sehemu gani ya mwili wake imepungua. Tulifungasha tukahamia Kintinku, kwenye tembe aliyoacha bibi, mzaa baba, alipofariki. Ukuta wa udongo, paa la udongo, na baba yangu mrefu, ambaye kila akiingia ilimbidi ainame.

Mama hakukaa kusikitika. Alikuwa Mnyaturu wa Mwankoko, mwembamba, mwenye haraka, anayefunga kitenge kwa kukivuta mara mbili kama anafunga mzigo. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu aliweza kuuza alichopata, na yeye akaanza kuuza mitumba. Alizunguka minada. Leo mnada huu, wiki ijayo ule, pale watu wanapokuja kuuza ng'ombe na mbuzi na kurudi nyumbani na shati la mtoto. Aliondoka alfajiri na furushi kichwani, akarudi jua likiinama, miguu imekuwa myeupe kwa vumbi. Akilala huko, alirudi kesho yake.

Baba alilima, lakini kama mtu anayemlimia mwingine. Akimaliza mistari michache alirudi kukaa kwenye kigoda mlangoni, saa yake ya mkononi imeelekea juu. Siku moja alitoka dukani na kaunta buku. Aliichora safu kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, akainyoosha kwa kiganja, na kesho yake asubuhi akaanza:

"Saa 12.10. Mama Neema ameondoka. Mnada. Furushi moja. Upepo."

Na jioni: "Saa 11.35. Mama Neema amerudi. Furushi nusu. Vumbi."

Aliandika kila kitu kilichopita mbele ya mlango wetu. Mchungaji na mbuzi zake. Mimi kwenda shule, mimi kurudi. Mwanzoni Mama alicheka.

"Baba Neema, kwani mimi ni gari moshi?"

"Ni kumbukumbu tu."

"Kumbukumbu ya nini?"

Baba akainamia kitabu. Nilichungulia begani kwake nikaona anaandika: "Mama Neema ameuliza swali."

Kicheko cha Mama kiliisha taratibu, wala sikuona siku kilipoisha. Mimi nilikuwa upande wa kitabu. Nilifurahi kwamba kazi ya Baba imeendelea, na kwamba sasa Mama analindwa kama zilivyolindwa treni. Kila alipoandikwa ameondoka, alirudi. Ushahidi nilikuwa nao, kurasa na kurasa. Jioni Baba akiwa kimya na Mama akiwa kimya, mmoja akimenya karanga na mwingine akitazama njia, nilidhani ndivyo watu wazima wanavyopumzika.

Alasiri moja ya jua kali Mama alirudi mapema. Alifika uani akasimama. Furushi lilikuwa kubwa, halikupungua hata kidogo, na alikuwa amelishika kichwani kwa mikono yote miwili kama litamwangusha. Uso ulikuwa na jasho lisilo la kawaida, na midomo imekauka. Baba alimtazama. Akatazama saa. Akachukua kalamu.

Mama alingoja mpaka Baba alipofika mwisho wa mstari. Halafu alipiga magoti mwenyewe, akaliteremsha furushi, akakaa juu yake, akasema neno moja kwa Kinyaturu. Kinyaturu cha Mama kilikuwa cha maombi na cha hasira, na hakuwa anaomba. Usiku ule alitetemeka kwa homa, na siku mbili zilizofuata alilala. Baba alimchemshia uji na kumtafutia dawa. Nayo aliiandika, pamoja na saa.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama aliamka kabla yangu. Nilipofungua macho alikuwa amevaa, na mkononi ameshika mfuko mdogo.

"Nakwenda kwa wajomba zako Mwankoko," aliniambia. "Unga upo kwenye debe. Mlenda nimeuanika, usisahau kuuanua."

"Utarudi kesho?"

"Nitakuja."

Alinishika shingoni, mkono wake bado una joto la homa, akatoka. Baba alikuwa kitandani ameelekea ukutani, macho wazi. Nilimchungulia kwa juu nikayaona. Kaunta buku ilikuwa juu ya kigoda, imefungwa, na hakuinuka.

Siku ya kwanza sikuwa na wasiwasi sana. Siku ya pili nilikwenda mpaka barabarani mara tatu. Siku ya tatu nilifungua kitabu kutafuta mstari wa Mama kuondoka, sikuuona. Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Mama hawezi kurudi kwa sababu hajaandikwa. Yuko mahali fulani kati ya Kintinku na Mwankoko, hajapita.

Nikangoja Baba aende shambani. Nilinawa mikono, nikaifuta kwenye gauni, nikakaa kwenye kigoda chake. Kugusa kitabu kile lilikuwa kosa ambalo sikuwahi hata kuliota. Kalamu ilikuwa nzito. Niliandika kwa herufi zangu kubwa za darasa la tatu, nikivuka mistari aliyochora:

"Mama ameondoka saa kumi na mbili. Mzigo mdogo. Hali ya hewa sijui nilikuwa nalia."

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kalamu bado ilikuwa mkononi na ukurasa ulikuwa na nafasi, nikaendelea. Niliandika kwamba nimeunguza ugali na Baba ameula bila kusema. Kwamba nyumba ina sauti za kuku tu. Kwamba mlenda umeliwa na mbuzi wa jirani na naogopa Mama atauliza. Niliandika kwamba Baba hajapunguzwa mwili bali amepunguzwa maneno. Nilipoweka kalamu chini nilisikia njaa, njaa ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu Mama aondoke, nikaenda kutafuta kiporo. Ule wepesi wa kifuani sikuujua jina. Nimeupata tena mara nyingi sana baadaye na mpaka leo sijachoka nao.

Baba alirudi, akaweka jembe, akaona kitabu kiko wazi. Nilisimama nyuma ya mlango nikingoja kuitwa. Alisoma ukurasa wangu akiwa amesimama. Akaurudia. Kisha akaketi kizingitini akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaanza kusoma kutoka mwanzo, kidole kikishuka kwenye safu. Kivuli cha nyumba kilikuwa ukutani alipoanza. Alipoinua kichwa kilikuwa kimefika kwenye jiwe la kusagia.

"Neema. Njoo."

Nikaenda.

"Humu nimeandika mara ngapi mama yako amerudi?"

"Mara nyingi, Baba."

"Tafuta mahali nilipoandika kwamba nimempokea mzigo."

Nilidhani ni mtihani. Nilichukua kitabu nikatafuta kwa bidii, nikalamba kidole, nikafunua kurasa zote. Nilitaka sana kumpatia.

"Hakuna, Baba."

"Hakuna," alisema. "Na wewe, kwa nini umeandika?"

"Ili arudi."

Nilimweleza habari ya treni isiyoandikwa. Nilimkumbusha kwamba maneno ni yake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaupitisha mkono usoni, na nilipotazama vizuri niliona macho yake yamelowa.

"Mwanangu, kuandika hakumrudishi mtu. Zile treni ziliendeshwa na watu. Mimi niliandika tu."

"Sasa kitabu kinafanya kazi gani?"

Alikifunga akakiweka magotini. "Nilidhani ninawaandika ninyi," alisema. "Kumbe na mimi nimo humu. Nimo kila ukurasa, nimekaa."

Jioni ile, kabla jua halijazama, aliziacha safu zake. Yaani alifungua ukurasa mpya na hakuuchora. Akaandika polepole, anasimama, anaanza tena, mpaka ukajaa.

Kesho yake tulipanda basi kwenda Manyoni, tukabadilisha la Singida, na kutoka mjini tukaenda kwa miguu mpaka Mwankoko. Upepo wa Singida haupumziki, ulitusukuma mgongoni njia nzima. Mjomba Yona, kaka mkubwa wa Mama, tulimkuta uani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamtolea Baba kiti, akaagiza maji. Mama alitoka ndani. Alikuwa amepona, ila amekonda. Alinivuta kwake, akakaa mbali kidogo na Baba.

"Shemeji," Mjomba alianza, "dada yangu hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Hilo tumemuuliza. Amekuja na neno moja tu. Anasema anaishi na mtu ambaye hayupo."

Baba aliingiza mkono kwenye mfuko wake akatoa kaunta buku. Uso wa Mama ukakunjamana.

"Hata huku umekuja nacho."

"Mama Neema, sijui kusema bila karatasi. Nimeandika ukurasa mmoja. Niruhusu niusome, halafu uniambie nirudi au nikae."

Mama hakusema ndiyo, wala hakuondoka. Baba akasimama, kama tunavyosimama darasani, akasoma. Maneno yale nayajua, kwa sababu kitabu kile sasa ninacho mimi.

"Tangu nitoke kazini naona haya. Naona haya mke wangu akipita mbele za watu na mzigo, na mimi nimekaa mlangoni. Nikiandika saa najiona bado niko kazini, na haya inapungua. Siku ile alirudi ana homa. Nilimwona toka mbali kwamba anaumwa. Nilimwona. Nikaandika kwanza."

Palikuwa na mistari mingine lakini aliishia hapo, akaketi. Mjomba aliangalia miguu yake. Mama alinyoosha mkono, Baba akampa kitabu, naye akakipokea kama mtu anayepokea kitu cha moto. Alisoma yale mengine peke yake. Halafu akafunua nyuma ukurasa mmoja.

"Na huu mwandiko wa nani?"

Alikuwa ananiangalia mimi. Akasoma kwa sauti: "Hali ya hewa sijui nilikuwa nalia." Alijaribu kuendelea, akafika kwenye mbuzi na mlenda, akacheka, na kicheko kikageuka katikati, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Alipojifunua alikuwa ameshaamua. Mama hakuwa mtu wa kuzungusha.

"Sikukatazi kuandika, Baba Neema. Andika mpaka wino uishe. Ila nikifika, kwanza pokea mzigo. Ndipo uandike."

"Nimesikia."

"Na hilo nalo liandike, shemeji," Mjomba alisema.

Baba akatoa kalamu. Mjomba alikuwa anatania, alicheka mpaka akapaliwa na maji, lakini Baba aliliandika, na saa yake.

Tulirudi Kintinku siku mbili baadaye. Nisiseme kwamba Baba aligeuka kuwa msemaji. Kuna wiki nzima zilipita na maneno kumi. Ila alianza kwenda minadani na Mama, akibeba furushi kubwa yeye, na watu walizoea kumwona yule karani mrefu akipanga mashati kwa ukubwa, safu kwa safu, bila kosa. Aliendelea kuandika kila alasiri. Safu hazikurudi. Aliandika mvua imeanza lini na uwele umechipua lini, na miaka michache baadaye majirani walikuwa wanakuja kumuuliza mwaka ule panya walipokula mbegu, walipanda wiki gani. Aliandika pia mambo yasiyo na faida kwa jirani yeyote, kama siku alipomwona mkuu wake wa zamani Manyoni akajificha, na siku alipomwona tena asijifiche.

Mimi alininunulia kaunta buku yangu mwezi ule ule tuliotoka Mwankoko. Nimeandika nikiwa shule ya bweni Kiomboi, ambako nililia kidogo kuliko wenzangu kwa sababu nililia kwa kalamu. Nimeandika wodini nikiwa muuguzi kijana, baada ya zamu mbaya, na asubuhi nikaweza kurudi zamu. Watu huniuliza huwa naandika nini, wakidhani ni mambo makubwa. Ni hali ya hewa, na mimi nilikuwa wapi ilipokuwa hivyo. Nikisoma ya miezi sita nyuma, mara nyingi namkuta mtu amekaa mlangoni ambaye sikujua kwamba ni mimi, na huwa bado kuna muda wa kumwinua.

Lakini somo kubwa kuliko yote nililipata wiki ya kwanza ya daftari langu, na hakuna aliyekusudia kunifundisha. Baba alikuwa amenikataza kwenda kucheza kwa jirani, nikaingia ndani nimenuna, nikaandika kwa herufi kubwa, nikikandamiza kalamu mpaka ikatoboa: "Baba anakoroma na leo simpendi." Nikaliacha wazi juu ya kigoda, nikaenda kisimani. Niliporudi nilimkuta amesimama karibu nalo. Mama naye alikuwa anakuja kuona anachoangalia, akanyoosha shingo, lakini Baba akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hicho ni cha mwenyewe," alimwambia Mama. Akalifunga, akapuliza vumbi kwenye jalada, akanipa kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima kitu. "Funga kitabu chako, mwanangu. Vumbi linaingia."

Hakusema lingine juu ya ukurasa ule, siku ile wala siku nyingine yoyote. Kesho yake niliandika kwamba nampenda. Ya jana sikuifuta.